Weka Dondoo Hili Katika Muktadha Wake

Tulikuwa mezani ujumbe ulipoingia kwenye simu yangu: "Usisahau ile kitu ya jana." Mama watoto hakusema neno. Aliyesema ni binti yangu, tonge la ugali likiwa bado hewani: "Baba, weka dondoo hili katika muktadha wake. Alama nne."

Aliyepitia sekondari Kenya anajua mtego huo: msemaji, msemewa, mahali, sababu. Msemaji ni fundi wa mabati. Msemewa ni mimi. Sababu ni deni. Mahali ndipo nilipokwama, maana jana jioni niliaga kwamba naenda mkutano wa chama. Mama watoto alinipa tatu, na hata hizo alizitoa shingo upande.

Binti yuko Gredi ya 10, kundi la kwanza kabisa lililoingia sekondari ya juu Januari 2026. Wenzake wamekimbilia STEM. Yeye amechukua Sayansi za Jamii, na ndani yake Fasihi ya Kiswahili, somo linalojitegemea. Nikadhani fasihi ni hadithi: unasoma, unacheka, unalala. Sasa katika nyumba hii sina kauli, nina tamathali. Nikisema sina pesa, hiyo ni takriri. Nikiuliza nani ameacha taa ikiwaka, ni swali la balagha, kwa hiyo hakuna anayejibu wala anayeizima. Nikimwita jirani fisi, naambiwa sitiari hiyo imechakaa.

Riwaya niliyomnunulia mjini ni safi kama siku niliyoilipia. Mwongozo wake ndio umeota masikio na madoa ya mafuta. Nikamuuliza kama hadithi yenyewe ni tamu.

"Baba, hilo halitahiniwi."

Na huku matatu za kwenda Asembo, walikozaliwa waandishi Grace Ogot na Margaret Ogola, zinapita mbele ya duka langu hapa Otonglo!

Nililia kwa Japuonj, mwalimu mstaafu anayesomea gazeti kwenye benchi la duka na hajawahi kununua hata msumari. "Omera," akasema, "hayo si mageni. Sisi tulisoma Literature Form Six." Hapo ukimwacha atakufikisha jioni. Form Six yenyewe ilizikwa na mfumo wa 8-4-4, mtihani wa mwisho ukafanywa 1989, na kwa Japuonj akili za nchi hii zilizikwa siku hiyo hiyo. Ndiye aliyenieleza mambo haya yalikotoka. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu pale Nairobi ivunjwe, fasihi ya Afrika iwekwe katikati, na masimulizi ya mdomo yasomwe kwa heshima zote. Mwaka 1974 walimu wakakutana Nairobi School kutafuta jinsi ya kuyateremsha hayo hadi sekondari. Sina ugomvi nao. Shakespeare hakuwahi kuona mbuta. Lakini wao waliyateremsha hadi darasani. Nani aliyeyateremsha hadi sebuleni kwangu?

Maana juzi amekuja na utafiti wa nyanjani. Hojaji mkononi, simu yangu ndiyo kinasa sauti, bando langu, na nyanja yenyewe ni mama yangu mzazi. Dani, ndivyo tunavyomwita bibi, akaanza vizuri, kile kisa cha Nyamgondho, mvuvi maskini aliyenasa kikongwe kwenye wavu, akamchukua nyumbani, akatajirika. Amefika pale mke ametukanwa, anarudi ziwani, ng'ombe wote wanamfuata, nami nimesahau hata wateja. Binti akainua mkono.

"Samahani, fanani. Hii ni mighani au hekaya?"

"Fanani ni nani?" Dani akauliza. "Mimi ni mamake babako."

Binti akaandika. Niliona baadaye, chini ya changamoto za utafiti: "Mhojiwa ni mkali." Chini yake: "Baba kuingilia kati." Ng'ombe wa Nyamgondho hawakumaliza kuingia majini, kwa kuwa ukurasa wa hojaji ulikuwa umejaa.

Nikadhani tumemaliza. Lakini Otonglo ni jirani na Kisian, na Kisian kuna KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kwa hiyo wazee wa huku hawafundishwi utafiti ni nini. Unaulizwa maswali, unatia kidole kwenye fomu ya idhini, unarudishiwa nauli. Dani alibaki kitini. Akauliza fomu iko wapi. Akauliza nauli. Nikamwambia kwa upole kwamba nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ua mmoja na mwembe.

"Mtafiti hana pesa," akanijibu. "Wewe si ndiye mfadhili?"

Nimetoa mia mbili. Ameifunga kwenye ncha ya leso, akauliza awamu ya pili ni lini.