Utukufu wa Foleni

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, hata kahawa chungu ya barazani imetungiwa mashairi. Foleni peke yake haina mtetezi. Dar es Salaam hulaaniwa kuanzia Ubungo mpaka Posta, Nairobi hutukanwa kwa honi, na huko Toronto, mji wa watu wenye adabu ya kulaani kimoyomoyo, huchukiwa na watu waliopaswa kuwa wa kwanza kuishukuru: wapenda vitabu.

Foleni yenyewe haina jua wala vumbi. Ni ile ya Maktaba ya Umma ya Toronto, yenye matawi 100. Msomaji akitaka kitabu kinachovuma, anabonyeza kuomba, kisha anaambiwa yeye ni wa ngapi na nakala ziko ngapi. Kama kitabu kimetoka juzi, anaweza kukuta mamia ya watu wamekwisha kumtangulia. Mmoja husonya, mwingine huzima simu, na hakuna kati yao anayejua amepewa neema gani.

Kwanza, foleni hii ina ukoo. Maktaba ilifunguliwa mwaka 1884, baada ya jimbo la Ontario kupitisha sheria ya maktaba za bure mwaka 1882, na ilirithi vitabu vya Mechanics' Institute, chama kilichoanzishwa mwaka 1830. Mwaka 1903 tajiri Andrew Carnegie alitoa dola 350,000 za kujengea maktaba mjini humo. Mwaka 1998, miji jirani ilipounganishwa kuwa Toronto moja, maktaba zake nazo ziliunganishwa. Kila hatua ilinenepesha foleni, maana vitabu vya bure huleta wasomaji, na wasomaji wakizidi nakala, foleni huzaliwa. Kinachopaswa kuwatia watu hofu ni maktaba ambayo kila kitabu kipo rafuni, kimekaa, hakuna anayekitaka.

Pili, ni mlezi. Tangu Machi 2022 maktaba hiyo haitozi faini za kuchelewesha vitabu. Mkopaji hupewa siku 21, na anaweza kuongezewa muda, isipokuwa kitabu kikiwa na mtu anayekisubiri. Hapo haongezewi. Kazi iliyofanywa na faini kwa miaka mingi sasa inafanywa na majirani wasioonekana, na wanaifanya bila kumgusa mtu mfukoni.

Muujiza wake mkubwa, lakini, uko kwenye simu. Kitabu cha kielektroniki hakichaniki wala hakimwagikiwi chai, na kingeweza kunakiliwa mara milioni kabla ya adhana ya Alasiri. Hata hivyo kina foleni. Wachapishaji wakubwa hawaiuzii maktaba faili, huipa leseni. Kwa kawaida ni nakala moja kwa msomaji mmoja kwa wakati mmoja, na leseni nyingi huisha baada ya miaka miwili, ikabidi zinunuliwe upya. Novemba 2019 kampuni ya Macmillan ilikaza zaidi: kwa wiki 8 za mwanzo, maktaba ya mji mzima, uwe na watu elfu kumi au milioni tatu, iliruhusiwa kununua nakala moja tu ya kielektroniki ya kitabu kipya. Maktaba nyingi ziligoma, na Machi 2020 kampuni ikafuta sharti hilo. Wanaodhani foleni ni uzembe wa wakutubi waangalie upande huo. Na wampongeze binadamu, aliyeweza kuumba uhaba wa kitu kisichoisha na kukipa heshima ya sukari ya Tanzania ya mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Fadhila yake hasa huonekana juma likianza. Chukua mpenda vitabu yeyote, tuseme mzaliwa wa Tanga anayekaa Scarborough, mjini humo humo Toronto. Jumatatu anaomba Theft, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 2025, anapangwa nyuma ya wengine, na mikono inabaki mitupu. Mikono mitupu hutafuta. Rafuni inakutana na The Book of Secrets ya M.G. Vassanji, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam na kuhamia Toronto, riwaya iliyotwaa Tuzo ya Giller ya kwanza kabisa mwaka 1994. Ndani yake kuna shajara ya ofisa wa Kiingereza iliyoanzwa mwaka 1913, ikaibwa, ikafichwa, ikatunzwa na watu wasioweza kuisoma, hadi ikafika mikononi mwa mwalimu mstaafu wa Dar es Salaam mwaka 1988. Miaka 75! Msomaji aliyekuwa akinung'unikia wiki chache za kusubiri anajirudi.

Jumatano ni zamu ya masikio. Kwenye programu ya Libby, kitabu cha sauti anachokitaka kina watu wengi mbele, kwa hiyo anachagua miongoni mwa vinavyopatikana papo hapo. Anaanza kusikiliza wasifu wa mtu ambaye hajawahi kumsikia, kwenye gari la reli namba 501 linalojikokota kando ya Queen Street, na anapofika nyumbani anaosha vyombo ambavyo tayari ni safi ili sura isikatike.

Ijumaa anapanda ghorofa ya tano ya Toronto Reference Library, jengo la msanifu Raymond Moriyama lililofunguliwa Yonge Street mwaka 1977. Huko kuna chumba cha Arthur Conan Doyle, kimejaa Sherlock Holmes wa kila namna, na vitabu vyake haviazimwi, vinasomewa humo humo. Msomaji wa Kiswahili haingii kama mgeni. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, mpelelezi wa Kizanzibari mwenye kiko aliyeingia vitabuni kwa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alifinyangwa kwa mfano wa Holmes, na Najum wake ndiye Watson. Kama riwaya ya Jumatatu ingepatikana Jumatatu, safari ya kwenda kuamkia ukoo huo isingekuwepo.

Jumamosi subira inakatika, nayo foleni inageuka kuwa mpiga debe wa maduka. Anakwenda A Different Booklist, duka la Bathurst Street linalouza vitabu vya Waafrika na watu wa Karibi, na anatoka na mfuko mzito kuliko alivyopanga. Akipita The Monkey's Paw, duka la vitabu vikuukuu la Bloor Street, anakuta Biblio-Mat, mashine iliyoanza kazi mwaka 2012: tia sarafu, kengele inalia, kitabu kimoja kinadondoka, chochote kile. Mashine hiyo haina foleni, lakini pia haina habari na unachokitaka.

Jumapili simu inalia mara tatu: vitabu vitatu alivyoviomba kwa nyakati tofauti vimefika pamoja, kila kimoja na siku zake 21. Hili ndilo kosa linalotajwa zaidi na maadui wa foleni. Ukweli ni kwamba hakuna mwalimu aliyewahi kumfanya mtu mzima asome kurasa mia tisa kwa wiki tatu bila kumpa cheti.

Anayetaka kujua dunia bila foleni inavyokuwa aulize wakazi wa Toronto. Tarehe 28 Oktoba 2023 wahalifu wa mtandaoni walivamia mifumo ya maktaba, tovuti na katalogi zikazimika. Matawi hayakufungwa; wakutubi walishika kalamu wakaandika mikopo kwa mkono. Kilichoshindikana ni kupokea. Kitabu kilichorudishwa hakikuweza kuingizwa kwenye mfumo, basi hakikuwa na pa kwenda. Vikapakiwa kwenye matrela, trela baada ya trela, mpaka vikakaribia milioni moja. Kwa miezi kadhaa vililala huko, hadi mifumo iliporejea mwanzoni mwa 2024.

Wapo wanaosema foleni ya bure inamnyima mwandishi riziki. Kanada ililijibu hilo mwaka 1986 kwa mpango wa kuwalipa waandishi wake kila mwaka kwa sababu vitabu vyao vimo maktabani. Tena foleni ni kura: maktaba hutazama wanaosubiri ni wangapi kwa kila nakala, na wakizidi, huongeza nakala. Anayejitoa kwa hasira anafuta kura yake.

Kura hiyo wasomaji wa Kiswahili wa Toronto wanayo pia. Anayeishi, anayefanya kazi au anayesoma mjini humo hupewa kadi bila malipo. Waichukue, kisha watafute Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya Paradise ya Gurnah, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Wakiikosa kwenye katalogi, wapendekeze inunuliwe. Wakiikuta, wajipange nyuma yake, wawe wengi, na asitoke mtu kwenye foleni.