Sofa Yangu katika Bene ya Jirani

Kolwezi, mji wetu wa migodi huku Kongo, mtu hachimbi wala habomoi kimyakimya. Tangu mwaka 2014, mkazi mmoja wa Kasulo alipochimba uani kwake akakutana na kobalti, na mtaa mzima ukageuka mashimo hadi ndani ya vyumba vya kulala, kila mtu hapa akisikia sururu kwa jirani hutoka nje kuangalia rangi ya udongo. Ukiwa mwekundu, anarudi kumalizia bukari, yaani ugali wake. Ukiwa mweusi, anarudi kuchukua sururu.

Ndiyo maana jirani yangu wa ng'ambo ya barabara alipoletewa bene, avenyu yote ilikuwa na maoni kabla vumbi la kamyo halijatua. Bene ni lile sanduku kubwa la chuma, wazi juu, ambalo kamyo hulishusha kwa minyororo mbele ya lango, mwenyewe akalijaza kifusi, kisha kamyo ikarudi kulibeba. Mfumo huo ulibuniwa Marekani mwaka 1935 na George Dempster wa mji wa Knoxville, ambaye baadaye alikuwa meya wa mji huohuo. Sishangai. Mtu anayezijua taka za kila nyumba hahitaji kampeni.

Kwenye migodi yetu bene zimejaa tele, lakini kwa mtu wa mtaani kukodi moja ni tukio la kuvalia shati lililopigwa pasi. Tena hulipwa kwa dola, dola ambazo hazijachanika pembe, si kwa faranga zetu za kuhesabia mafungu ya nyanya. Jirani alieleza kwamba anabomoa jiko kuukuu ili amjengee mkewe jipya la vigae. Maelezo mazuri, yenye mapenzi ndani yake, na hakuna aliyeyaamini. Vijana wa pus-pus, ile mikokoteni ya kusukuma, wamejaa pale kona, wangekuhamishia hata kanisa kwa bei ya soda chache. Nani akodi chuma chote kile kwa ajili ya jiko?

"Amepata," alitangaza mama anayeuza sombe, majani ya mihogo, mbele ya lupango lake, yaani kiwanja chake. "Amepata, na lile sanduku ni la kufichia."

Mimi sikuwa na habari na kobalti. Mimi nilikuwa na sofa.

Ilikuwa sofa ya kijani, ya kitambaa chenye manyoya, na iliingia nyumbani kwetu kwa heshima zote. Kisha springi moja ya upande wa kulia ikatoboa kitambaa ikachungulia nje. Mgeni aliyekaa hapo mara moja hakukaa tena, na wengine hawakurudi kabisa. Baada ya springi hiyo kumwinua mama mkwe wangu katikati ya sala ya chakula, sofa ilihamishiwa barazani, na kuku akaitambua thamani yake mara moja. Tangu hapo nilikuwa natafuta namna ya kuachana nayo. Kuichoma haiwezekani, kwa sababu moshi wa sponji ungewaamsha wagonjwa wa mitaa miwili. Kuizika ndiyo hatari zaidi: hebu wewe jaribu kuchimba Kolwezi shimo la kutosha sofa, uone kama jioni hutakuwa na wachimbaji arobaini uani wakikuuliza umefika kina gani. Shimo la taka la lupango letu limejaa tangu masika yaliyopita. Na vijana wa pus-pus nawafahamu: ukiwalipa wabebe sofa, huifikisha bondeni tu, na ikifika bondeni kila apitaye anajua ni ya nani.

Basi nikafanya kama nilivyolelewa. Nilivaa viatu, nikavuka barabara, nikabisha hodi. Nikamuulizia mkewe, watoto, na maendeleo ya jiko. Nikamsifia bene yake, kwamba ni pana. Ndipo nikalileta ombi langu.

Jirani alicheka. "Weka tu, papa. Haina neno."

Hapo ndipo sentineli wake alipoingilia. Huyu kijana alilinda kampuni za madini kabla ya kuajiriwa hapo nyumbani, na aliyewahi kulinda kampuni ya madini huandika kila kinachopita, hata paka. Alitoa daftari lenye mistari iliyopigwa kwa rula, akaniandika: jina, namba ya lupango, "sofa moja, kijani, mbovu," saa. Akanipa kalamu nitie sahihi. Nikatia. Kuuliza si ujinga, wanasema, hawakutaja bei.

Usiku ule umeme ulikatika kama kawaida yake, na giza lilikuwa la kufumba jicho usione tofauti. Tulisikia magurudumu, minong'ono, kitu kizito kikianguka, mtu akimwambia mwenzake "polepole" kwa sauti kubwa kuliko kishindo chenyewe. Sentineli baadaye aliapa kwamba hakusikia lolote. Namwamini. Daftari lake halina mstari wa vitu vinavyofanyika wakati mlinzi amelala.

Asubuhi tukatoka kutazama. Bene ilikuwa imejaa hadi mdomoni, ila si kwa jiko la jirani. Kulikuwa na godoro lenye ramani za watoto kadhaa. Mlango wa friji bila friji. Televisheni ya zile zenye kisogo kirefu. Bakuli la choo. Tairi. Mfuko wa viatu, vyote vya mguu wa kushoto, jambo ambalo hadi leo linanisumbua usingizini. Maganda ya mihogo ya siku nyingi, na juu yake nzi waliokuwa wamekwisha kupata uraia. Na kile kifusi cha jiko? Nondo zilizotoka kwenye ukuta zilikuwa zimekwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla jua halijachomoza, pamoja na mabati na fremu ya dirisha. Matofali mazima yalikuwa yamepangwa vizuri mahali, sitasema kwa nani. Yaliyovunjika yalikuwa yamejaza lile dimbwi lililo mbele ya lango la mama wa sombe, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze wateja wake walisimama pakavu.

Yaani jiko la jirani lilitoka usiku, na majiko ya watu wengine yakaingia.

Kijana mmoja wa avenyu alikwenda mbali zaidi. Alichagua mapande ya kifusi yaliyo meusi kabisa, akayatia mfukoni, akapanda pikipiki hadi Musompo, kwenye soko la madini, ambako wanunuzi wana ile mashine ya mkononi ya kupimia jiwe, Metorex, inayofanana na bastola na kuogopwa kuliko bastola. Mnunuzi akaielekeza kwenye jiwe. Akaangalia namba. Akaielekeza tena. Kisha akalinusa jiwe, akamuuliza kijana kama kwao wanapikia kuni. Masizi ya miaka mingi ya maharage, ndiyo yaliyokuwa yakimetameta.

Kamyo ilipokuja, dereva hakushuka hata kwenye kiti chake. Aliangalia godoro, akaangalia karatasi ya kukodi, iliyosema kifusi cha ujenzi tu. Akasema kwa vitu vile bei ni nyingine, karibu mara mbili, au bene ibaki palepale na gharama za kuchelewa ziendelee. Jirani alivua kofia akaivaa tena. Ni mtu mpole, lakini upole una mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa pale kwenye maganda ya mihogo.

Tukaitwa kwa shefu wa avenyu, chini ya mvokado. Kila lupango lilileta mwakilishi na kiti chake. Shefu aliuliza: nani ametia nini ndani ya bene? Kimya. Godoro halikuwa na mwenyewe. Televisheni ilikuwa imeanguka kutoka mbinguni. Ndipo sentineli akasimama, akafungua daftari, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya waliofaulu mtihani. Jina moja tu. Langu.

Nilijitetea kwamba mimi niliomba. Shefu akasema ndiyo, ndivyo inavyothibitishwa kwamba ulitia.

Mabishano yaliyofuata yalikuwa ya kiwango cha juu, na ninayaeleza kwa sababu swali lenyewe si dogo. Mama wa sombe alisema kitu kisicho na kifuniko hakina mlango, na kisicho na mlango hakibishwi hodi. Mvua nayo iliingia humo usiku, mbona mvua haikuitwa kwenye kikao? Kijana mmoja anayesomea sheria akaongeza kwamba kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi yote ya nchi hii ni mali ya Serikali, na bene imesimama barabarani, kwa hiyo jirani hana anachodai. Jirani akamjibu: basi Serikali ije ilipe kamyo. Kijana hakukata tamaa. Alitaja Sheria ya Madini ya 2002, ambayo malundo ya mabaki ya migodi nayo inayahesabu kuwa hazina ya madini, yenye kibali chake. Wote tukageuka kuitazama bene kwa heshima mpya.

Muzee wetu wa kona akaomba neno. Aliondoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mwaka 2003, kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliowarudisha nyumbani wafanyakazi zaidi ya 10,000, na tangu siku hiyo hakuna kikao kilichokwisha bila yeye kuisemea kampuni. Safari hii alianzia Kingamyambo. Kwa miongo mingi kiwanda cha kusafisha mawe cha Kolwezi kilisaga, kikachukua shaba na kobalti kilizoweza kukamata, na tope lililobaki likamwagwa Kingamyambo na kwenye bonde la mto Musonoi. Hakuna aliyeliangalia mara mbili, isipokuwa kiangazi, vumbi lake lilipoungana na chakula. Wataalamu walipokuja kulipima wakakuta zaidi ya tani milioni 100, zenye shaba karibu asilimia 1.5, kiwango ambacho iko migodi mingi duniani ingekifurahia kikiwa bado ndani ya mwamba. First Quantum ya Kanada ikaanza kujenga kiwanda cha kuichukua shaba hiyo. Mwaka 2009 serikali ikafuta mkataba. Mwaka 2010 haki zikaenda kwa wengine, na mwaka huohuo ENRC, kampuni ya matajiri wa Kazakhstan iliyokuwa kwenye soko la hisa la London, ikajinunulia sehemu kubwa. Kesi zikafunguliwa nje ya nchi. Mwaka 2012 ENRC ikakubali kuilipa First Quantum dola bilioni 1.25 ili yaishe, ndani ya bei hiyo ikiwamo pia migodi ya Frontier na Lonshi.

"Sasa niambieni," muzee alisema, akiegemea mkongojo. "Ile ilikuwa bene ya nani?"

Hakuna aliyejibu, hata mwanasheria. Mimi nilikuwa na jibu lakini nilikuwa mshtakiwa. Nilitaka kusema kwamba mfano wa muzee unafundisha tofauti iliyopo kati ya kutia na kutoa. Anayetoa nondo kwenye bene ya jirani amempunguzia mzigo, na kama jirani alizihitaji angeziweka uani. Anayetia ndiye mwizi, ingawa anaondoka mikono mitupu, kwa sababu jirani hakununua chuma wala tope, alinunua nafasi. Ile hewa iliyokuwa ndani ya sanduku asubuhi ya kwanza ndiyo aliyoilipia dola. Ukiijaza kwa godoro lako, amelipa akapata godoro. Kuomba kunaondoa dhambi hiyo, mradi uombe siku ya mwisho, mwenyewe akiwa amekwisha kutia vyake, na usilete chochote kinachooza. Nilikuwa nimeyapanga maneno haya vizuri. Shefu akasema muda umekwisha.

Hukumu ilikuwa fupi. Waliotia bila kuomba hawajulikani, na asiyejulikana hawezi kutozwa. Aliyeomba anajulikana, ana namba ya lupango, na ana sahihi. Alipe nusu ya nyongeza. Nusu nyingine abebe mwenye bene, kwa kosa la kukodi kitu kisicho na kifuniko. Watu wakapiga makofi, wengine kwa furaha iliyonipa mashaka kuhusu godoro. Mama wa sombe alinifungia fungu moja la bure, kwa kuwa, alisema, mtu mwaminifu asilale njaa.

Nililipa. Dereva akashuka, minyororo ikafungwa, bene ikainuka ikinung'unika, na mimi nikasimama kando kuhakikisha kwamba angalau kitu changu kinaondoka mbele ya macho yangu. Niliona tairi. Niliona bakuli la choo na ule mfuko wa viatu vya kushoto. Sofa haikuwamo. Ilikuwa imechukuliwa usiku uleule, na daftari halina habari.

Kwa hiyo nakuomba wewe uliye nayo, na najua uko umbali wa kusikia jogoo wangu: sofa hiyo imelipiwa safari ya kwenda jalalani na risiti ninayo. Nirudishie fedha yangu, hata kwa awamu. Ukishindwa, basi kaa upande wa kushoto. Springi iko kulia.