Toka Athens Asubuhi, Rudi Jioni: Magofu Saba, Kuanzia la Mwisho

Akropoli ya Athens haihitaji kupigiwa debe. Foleni yake inatosha. Orodha hii ni ya siku zinazofuata, unapotaka kupanda basi alfajiri, uzunguke magofu, uchungulie makumbusho ya hapohapo, na urudi mjini kabla miguu haijagoma. Sikupanga kwa urefu wa nguzo. Ukishaona kumi, ya kumi na moja haikushtui. Nimeuliza jambo moja tu: ni wapi Wagiriki wa kale wanaacha kuwa sanamu, wakawa watu wanaochelewa, wanaotaniana na wanaougua?

7. Sounion
Hekalu la Poseidon, la karne ya 5 K.K., limesimama ukingoni mwa mwamba, kilomita 70 hivi kutoka mjini. Jua likizama, kila mtu anageuka mpiga picha. Ila sanamu ya kijana iliyofukuliwa hapa, yenye urefu wa mita 3, iko Makumbusho ya Taifa, Athens, yaani kulekule ulikotoka. Umeachiwa upepo, na jina la Byron, mshairi wa Kiingereza, lililochongwa kwenye nguzo. Ukichonga lako leo, utalala kituoni. La Byron linatajwa na waongozaji wa watalii.

6. Mycenae
Utapokewa na Lango la Simba la karne ya 13 K.K., na simba wenyewe hawana vichwa. Mwaka 1876 Heinrich Schliemann alifukua hapa kinyago cha dhahabu, akaamini anatazamana na mfalme Agamemnon. Wataalamu wakapiga hesabu: kinyago kilitangulia Vita vya Troya, alivyoviongoza Agamemnon, kwa karne tatu hivi. Jina likang'ang'ania hata hivyo. Kinyago halisi nacho kiko Athens, lakini usinune. Ingia makumbusho uone sanamu za udongo zilizonyoosha mikono, na nyoka wa udongo waliojiviringisha, vyote kutoka vyumba vya ibada. Ukikutana na nyuso zile ghafla, utaungama hata ambayo hukutenda.

5. Marathon
Ndiyo, umelipa kiingilio kuona kichuguu kikubwa. Lakini ndani yake wamezikwa Waathene 192 waliouawa mwaka 490 K.K. wakiwazuia Waajemi. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba mjumbe alikimbia hadi Sparta kuomba msaada. Wasparta wakajibu kwamba watakuja, ila mwezi ukishakuwa mpevu. Walipofika vita vilikuwa vimekwisha. Wakaomba waone maiti za Waajemi, wakawasifu Waathene, wakarudi kwao. Hao ndio watalii wa kwanza wa Marathon. Mwaka 2004 mbio ndefu za Olimpiki zilianzia mji huu, na Catherine Ndereba wa Kenya akanyakua medali ya fedha. Yeye hakusubiri mwezi.

4. Korintho
Msomaji wa Biblia atafika hapa akijiona mwenyeji. Nguzo saba za hekalu la Apollo bado zimesimama, na hatua chache kutoka hapo kuna jukwaa la mawe ambapo, inasemekana, mtume Paulo alishtakiwa mbele ya Galio, liwali aliyekataa hata kuisikiliza kesi. Kesi iliyofuata ilikuwa ya makumbusho. Mwaka 1990 wezi walivamia wakabeba vitu zaidi ya 250. Vingi vilipatikana Miami mwaka 1999, vimefichwa kwenye masanduku ya samaki. Vilivumilia matetemeko ya ardhi na majeshi ya Roma, vikaja kuaibishwa na shombo. Paulo aliwaonya Wakorintho mambo mengi, lakini hilo halimo katika nyaraka zake.

3. Delphi
Ni mbali, kilomita 180 hivi, kwa hiyo usinywe kahawa nyingi kabla ya basi. Wafalme walikuja hapa kuaguliwa na Pythia, kuhani wa Apollo. Croesus wa Lydia aliuliza kama awavamie Waajemi, akaambiwa akifanya hivyo ataangusha dola kubwa. Akavamia, na dola ikaanguka kweli: yake. Alipolalamika, alijibiwa kwamba alipaswa kuuliza ni dola ya nani. Huduma kwa wateja ina historia ndefu. Kijiji kizima kilihamishwa ili Wafaransa wachimbe, na mwaka 1896 akaibuka mwendesha gari la farasi, wa shaba, macho na kope zake zikiwa mahali pake. Gari limepotea, farasi wamebaki vipande, yeye bado kashika hatamu na wala hana wasiwasi. Dereva wa namna hiyo hafukuzwi kazi.

2. Nemea
Wengi wanaipita mbio wakiwahi Mycenae, na hasara ni yao. Wanariadha waliingia uwanjani kwa handaki la mawe lenye urefu wa mita 36 hivi, na walipokuwa wakingoja zamu yao walichora kuta. Mmoja aliandika kwamba Akrotatos ni mzuri. Mwingine akaongezea chini yake kwamba hayo ni ya huyo aliyeandika. Zaidi ya miaka 2,300 baadaye, watu bado wanajibizana vivyo hivyo, tofauti ni kwamba sasa ukuta unachajiwa. Tangu 1996, kwa kawaida kila baada ya miaka minne, watu wa kawaida hukimbia hapa peku, wamevaa kanzu fupi, na wanapita handaki lilelile. Kitambi hakikuzuii.

1. Epidaurus
Ukumbi wa maonyesho unabeba watu 14,000 hivi. Wageni hudondosha sarafu katikati ili wasikie mlio, kisha kila mmoja anaokota yake. Lakini usiondoke bila kuingia makumbusho. Hapa palikuwa patakatifu pa Asclepius, mungu wa uponyaji. Wagonjwa walilala usiku wakisubiri kutibiwa ndotoni, na matokeo yakachongwa kwenye mawe. Kleo alibeba mimba miaka mitano, akajifungua mtoto aliyekwenda kujiogesha mwenyewe kisimani. Mwenye kipara alipakwa dawa, nywele zikaota. Ambrosia wa Athens, asiyeona kwa jicho moja, alizunguka akizicheka habari hizo. Mungu akamponya, ila akamdai nguruwe wa fedha, awe kumbukumbu ya ujinga wake. Kwa hiyo yasome mawe hayo kwa adabu. Bei ya fedha imepanda.