Nyumba Asilia kwa Macho ya Wageni

Wanachama wa chama chako wanakuja Jumapili, na tayari umeropoka kwenye WhatsApp kwamba kwako Milimani, hapa Kisumu, hakuingii kemikali. Tulia. Nyumba asilia haihitaji usafi mwingi, inahitaji ushahidi. Soma upesi kabla dada wa kazi hajamaliza kupiga deki.

1. Anza na chupa, sakafu itangoja. Tafuta chupa ya kioo, hata kama juzi ilikuwa ya mvinyo. Bandua karatasi yake, ubandike nyingine uliyoiandika kwa mkono: Siki na Ndimu. Mwandiko uwe mbovu kidogo, maana mwandiko mzuri unanuka kiwanda. Ndimu nunua Kibuye, kata vipande, vielee humo. Kingine chote ni maji ya bomba. Iweke njiani kuelekea chooni, hapo kila mgeni ataiona, na ataiona mara mbili.

2. Povu. Hapa ndipo fundi anapojulikana. Chukua magadi, yale yale unayotilia mrenda, uyaponde na kuyanyunyiza kwenye sinki. Sasa subiri. Siki usiiguse mpaka usikie geti likigongwa na sauti ya mtu ikisema hodi jikoni. Mwaga! Sinki itafoka na kuchemka, na aliyekuja kula samaki atasahau njaa yake.

Kati yetu wawili, povu hilo halisafishi kitu. Magadi ni alikali na siki ni asidi. Zikikutana zinamalizana, kaboni dayoksaidi inapotea hewani, na unachobaki nacho ni maji yenye chumvichumvi. Ukitaka kazi ifanyike kweli, vitenganishe: magadi na maji moto kwa mafuta ya mbuta yaliyoganda kwenye karai, siki peke yake kwa ukoko mweupe ndani ya birika. Lakini ukisafisha hivyo kimyakimya, nani atapiga picha? Halafu usije ukaufunga mchanganyiko huo kwenye chupa ili umpelekee jirani zawadi. Ile hewa itatafuta pa kutokea, na kifuniko kitampata mtu.

3. Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo, usiitupe, wewe! Choo kitasafishwa na nani? Ihamishie nyuma ya gunia la mkaa, basi. Ila hapa naacha mzaha kidogo. Jik isikutane na siki wala ndimu, hata tone, kwa sababu inatoa klorini, hewa ile ile ambayo Wajerumani waliwafungulia askari mahandakini huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Nakufundisha kuwadanganya wageni, si kuwazika.

4. Harufu ya omena. Hakuna dawa. Fungua madirisha yote, chemsha maganda ya ndimu, na upepo wa ziwani ukishafanya kazi yake, sifa zipe maganda.

5. Majivu. Dani wako, yaani nyanya yako kule Seme, amesugua sufuria kwa majivu na dodoki maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumwita mwanamazingira. Kosa lake ni kwamba hakuyatia kwenye mtungi wa kioo. Wewe ukienda nyumbani kwa mazishi, rudi na debe la majivu ya kuni, uyachekeche, uyafungie mtungini kwa utepe wa katani. Angalizo moja tu: majivu ya kuni yana potashi, na potashi ikikutana na mafuta huanza kuyageuza sabuni. Ukiyatumia utajikuta unasafisha kweli. Pole. Ama kukandika sakafu kwa samadi ya ng'ombe kama afanyavyo Dani, huko usifike. Uasilia una mpaka, na mpaka wenyewe ni kigae.

6. Maji machafu yamwage, ugeuke, uondoke. Usiulize yanakwenda wapi, utaambiwa. Taka za mji huu zinaingia mito ya Kisat na Auji, nayo inaishia Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Huko kuna gugumaji, lililoonekana ziwani karibu na mwaka 1990, na chakula chake ni naitrojeni na fosforasi: za mbolea ya mashambani, za vyooni, na kidogo za sabuni yako ya unga. Likishiba linafunga ufuo, na mashua za wavuvi zinakwama. Suluhisho lako lipo Dunga. Nenda ununue kikapu kilichosukwa kwa gugumaji, upange chupa zako ndani, ukiweke sebuleni. Umelilisha, kisha umelinunua. Kwenye semina za hotelini jambo hilo huitwa uendelevu.

7. Gari nalo lipeleke likaoshwe ufukweni, kwa maji asilia. Kijana ataliingiza mpaka magurudumu yalowe, atalipaka sabuni, atalisuuza kwa ndoo, na ziwa litapokea kilichobaki. Watafiti wa taasisi ya tiba KEMRI wamewafuatilia waosha magari wa Kisumu kwa miaka mingi kwa ajili ya kichocho, kwa sababu konokono wanaobeba vimelea wanaishi kwenye maji hayo hayo anamosimama huyo kijana. Wewe kaa kwenye kiti cha plastiki, uagize soda. Unalipia usafi, hulipii miguu yake.

8. Mpange dada mapema. Akiingia sebuleni mbele ya wageni na kusema, "Mama, Jik imeisha," mwongozo wote huu umekwisha. Afundishwe kusema, "Mama, ile dawa ya Dani imeisha." Umwongeze na pesa kidogo, maana hii si kazi ya deki tena, ni maigizo.

Na yule mgeni wa mwisho, yule atakayebaki mlangoni akinong'ona kwamba anataka siri ya sinki yako, usimpe maelezo. Mwuzie chupa kwa mia tano, na umwambie kioo ni cha kurudisha.