Jinsi ya Kuishi Nyumba ya LUKU Moja Bila Kununua Umeme

Mwongozo huu ni wa mpangaji wa Dar es Salaam, yule wa nyumba ya vyumba sita, korido moja, choo uani na mita moja ya umeme. Mwenye mita yake peke yake aruke ukurasa, maana hajui anachokikosa: hajawahi kusimama koridoni gizani saa tatu usiku na watu wazima watano, kila mmoja ameshika simu inayowaka tochi, na hakuna hata mmoja mwenye salio.

LUKU, kama ujuavyo, ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Walioibuni walikuwa watu wa haki, ila inaelekea hawakuwahi kupanga. Kwenye nyumba zetu utaratibu ni mwingine: analipa atakayekutwa. Basi kazi yako yote, tangu siku unayoshusha godoro kwenye Kirikuu mpaka siku utakapolipakia tena, ni kutokukutwa.

Anza na mita yenyewe. Uniti zikikaribia kuisha, ile rimoti iliyobandikwa ukutani huanza kupiga kelele na kuwasha kitaa chekundu. Mita haina siri, inawaambia wote. Rimoti ipo njiani kuelekea chooni, kwa hiyo kila mtu anaipita si chini ya mara nne kwa siku, na kila mtu anaisikia. Jifunze kupita pale ukiwa unaongea na simu. Si lazima kuwe na mtu upande wa pili. Sema tu kwa sauti, "Enhe, enhe, halafu akasemaje?" mpaka ufike uani. Mpangaji mgeni husimama, akainama, akasoma namba, kisha akatangaza, "Jamani, zimebaki uniti mbili." Maskini wa Mungu! Aliyetangaza ndiye aliyeona, na aliyeona ndiye anayejua, na anayejua ndiye anayenunua.

Umeme ukiisha kweli, usitoke. Utausikia mwisho wake: sabufa ya kijana wa geto inanyamaza katikati ya wimbo, feni inazunguka kwa kujivuta, halafu kandambili zinaanza kuburuzwa koridoni. Wa kwanza kutoka huenda hadi barazani kuchungulia kama kwa jirani kunawaka. Kwa jirani kukiwa giza, kila mtu anafurahi, ni TANESCO, na watu watapiga soga uani kama ndugu. Kwa jirani kukiwa na mwanga, milango yote hufungwa kimyakimya. Kaa kitandani. Zima tochi, maana mwanga hupenya chini ya mlango. Kama una mtoto wa miaka minne, mshikilie, kwa sababu mpangaji mwenzako akigonga na kuita, "Hodi, baba yupo?" huyo ndiye atakayejibu kwamba baba yupo na amesema aseme hayupo.

Ukikutwa licha ya yote hayo, sema mtandao unasumbua. Usiseme huna hela. Huna hela ni aibu, tena wataanza kukukumbusha kuku uliyemnunua Jumapili. Mtandao ni wa watu wote na haujawahi kujitetea.

Sasa tuje kwenye mahesabu, na hapa naomba utulie kidogo, kwani ndipo vita vyote vinapoanzia na hakuna anayepiga hesabu. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa nzima. Balbu ya wati 9 ikiachwa inawaka usiku kucha, tuseme saa 11, imekula sehemu moja ya kumi ya uniti. Simu yako, kwa betri za siku hizi, unaweza kuichaji mara 40 hivi ndiyo uniti ikaisha. Lakini pasi ya wati 1,000, mtu akiamua Jumapili jioni kunyoosha nguo za wiki nzima pamoja na shuka, ni uniti moja kwa saa. Na jiko la koili la ukubwa huohuo likibandikwa maharage ya saa tatu ni uniti tatu.

Hayo uyajue wewe, usimwambie mtu. Kwenye kikao cha umeme, kile kinachofanyika uani wanaume wamesimama na wanawake wamekalia ndoo, ajenda ni balbu. Atasimama baba wa chumba cha nyuma, asute kwa hasira, aseme kuna mtu huwa anaacha taa ya korido inawaka hadi asubuhi. Unga mkono. Tikisa kichwa kwa masikitiko. Toa hoja kwamba watoto wafundishwe kuzima swichi. Dakika 40 zikiishia kwenye balbu ya wati 9, hakuna atakayekumbuka kuuliza kwa nini chumbani kwako kunanukia maharage na hujawahi kuonekana na gunia la mkaa.

Hata hivyo harufu ni hatari, na wenye akili hujikinga mapema. Jioni, wakati watu wanarudi kutoka kazini, washa jiko la mkaa uani na ubandike sufuria ya maji. Puliza, kohoa, lalamikia bei ya mkaa. Mtu akipita mwambie, "Karibu, bado hakijaiva." Huko ndani, chini ya kitanda, raisi kuka inafanya kazi yake taratibu. Wengine huona gharama ya mkaa huo ni hasara. Ni kweli, unatumia hela nyingi kuliko ambazo ungechangia umeme kihalali. Lakini ushindi haujawahi kuwa wa bure.

Pasi inatumika alfajiri, kabla ya adhana. Ukiwa na nguo chache tu, unaweza kupita kwa jirani na kuomba, "Dada, naomba ninyooshee shati moja kwako, soketi yangu imekufa." Atakubali, kwa kuwa umeme si wake peke yake. Kukubali hukohuko ndiko kunakoifanya nyumba nzima inunue umeme kila baada ya siku nne.

Kila nyumba ina mama wa friji. Huyu anauza barafu, juisi ya ukwaju na maji ya kandoro, na friji lake halizimwi. Kwenye kikao atatajwa mara tu balbu itakapoisha kujadiliwa. Friji dogo la kawaida hula kama uniti moja kwa siku, pengine na nusu, na likifunguliwa kila dakika kwa ajili ya wateja huzidi hapo. Kwa hiyo anaambiwa achangie mara mbili, na kwa kweli huwa anachangia mara mbili, tena kwa wakati. Mimi huyu mama namwona anaonewa. Ndiye pekee ndani ya nyumba anayenunua umeme bila kuitwa, kwa sababu barafu ikiyeyuka mtaji umekwenda. Kama unatafuta chumba, usiulize kodi wala maji kwanza, uliza kama kuna mama wa friji. Akiwepo, lipia miezi sita.

Kuna tarehe moja ya kuogopa kuliko zote nayo ni tarehe mosi. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba isiyo ya ghorofa ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, baadaye ikawa 1,500. Inakatwa kwa atakayenunua wa kwanza mwezi huo. Kodi ni ya mwenye nyumba, na mpangaji anayo haki ya kumdai, haki ambayo ukienda kuidai utaambiwa habari za kupandishiwa chumba. Njia salama ni kuwa wa pili. Kuanzia tarehe 28 hakikisha mita ina uniti za kuvusha, au safiri. Mtaani utaona nyumba ziko giza usiku wa tarehe mosi na ukadhani ni shida za maisha. Wamo ndani, wanategeana.

Halafu utamsikia shemeji yako anayeishi peke yake akijisifu kwamba kwa shilingi 5,000 anapata uniti 41. Ninyi kwa hela hiyohiyo mnapata 14. Usiseme nyumba ina mwizi wa umeme, ingawa ni jambo tamu kusema na litapata wafuasi. Sababu ni kwamba mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi huwekwa kwenye bei ya chini, shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo na kodi. Akizidi, anahamishiwa kundi la shilingi 292. Familia sita kwenye mita moja haziwezi kubaki ndani ya uniti 75 hata zikiamua kulala saa moja jioni. Kwa lugha nyingine, umeme wa bei nafuu uliwekwa kwa ajili ya mtu wa kipato kidogo, na mtu wa kipato kidogo anapanga na wenzake watano, kwa hiyo analipa kama mwenye kiyoyozi. Hili ukilieleza kwenye kikao watakwambia unatetea mama wa friji.

Mambo mengine yanahusu kundi la WhatsApp. Mhazini huwa ni dada wa chumba cha mbele, aliyepewa kazi hiyo kwa sababu anajibu salamu. Akiandika, "Habari za jioni wapendwa, umeme umebaki kidogo, naomba tuchangie elfu tano tano," usijibu kwa maneno. Weka alama ya dole gumba. Dole gumba maana yake umekubali, umesoma, umelipa, au unamtakia kila la heri, na yeye hawezi kujua ni ipi. Kesho akikupigia mwambie ulishatuma, labda mtandao. Siku ukituma kweli, tuma elfu tano kamili bila ya kutolea. Mkiwa watano mmefanya hivyo, dada wa watu anaongezea mfukoni mwake na mwezi unaofuata anajiuzulu, jambo linalohitaji kikao, na kikao kitaanza na balbu.

Kuhusu kuingiza kwenye mita zile namba 20 za umeme ulionunuliwa, jitangaze mapema kwamba macho yako si mazuri. Wasiojitangaza walijuta mwaka 2024, mita zilipotakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba na mnunuzi akaletewa mafungu matatu ya namba 20 kila moja. Namba 60! Mmoja anasoma, mmoja anabonyeza, wa tatu anashika tochi, na mtoto amesimama pembeni akihesabu zake za shuleni kwa sauti. Ukikosea moja unarudia fungu. Nyumba nyingi zilipata umoja usiku ule ambao haukuwahi kuonekana kabla, ukadumu hadi uniti zilipoingia.

Kazini ndiko kwenye mgodi wa umeme. Mfanyakazi aliyepanga haendi ofisini na mkoba, anakwenda na mzigo: simu mbili, pawabanki, taa ya kuchaji, mashine ya kunyolea, simu ya mama watoto, na siku ya Ijumaa spika ya mtoto. Fika saa moja na nusu asubuhi, kabla ya soketi kuwahiwa. Kaa karibu na ukuta hata kama ukuta wenyewe uko karibu na meneja. Bosi akiuliza kwa nini ekstensheni ya chini ya meza yako imejaa, mwambie unajiandaa kufanya kazi hata umeme ukikatika. Watakupa barua ya pongezi. Ila usikubali kabisa utaratibu wa kufanyia kazi nyumbani. Anayeshinda nyumbani na laptopu hula umeme wa senti tu, lakini wenzake wanamwona, na kila uniti iliyoondoka tangu asubuhi ni yake. Pia ndiye atakayekutwa.

Siku moja mwenye nyumba atachoka kupigiwa simu na kuweka mita ndogo kila chumba. Mtashangilia. Siku tatu za kwanza utaona maajabu: maharage yanarudi kwenye mkaa, sabufa inazimwa saa mbili, pasi inapigwa kola na kifua peke yake, sehemu zinazoonekana. Kisha mtagundua kwamba taa ya korido, taa ya choo na pampu ya maji zimebaki kwenye mita kubwa, na mita kubwa haina mwenyewe. Korido itazoeleka giza. Pampu ataigharamia mama wa friji, maana bila maji hana barafu. Kwa choo, nunua balbu yako. Ukienda, ingiza, ukitoka, zima swichi, chomoa, rudi nayo chumbani. Umeme uliotumia bado ni wa wote, lakini balbu ikiwa yako hakuna wa kuuliza. Kabla ya kununua kaangalie holda. Ikiwezekana iwe ya pini, siyo ya kuzungusha, kwa sababu ya kuzungusha inachukua muda kuingia, na juisi ya ukwaju haikupi muda.