Namna ya Kuhamia Windows 11 Ukiwa Chake Chake

Mwongozo huu ni wa mtu mzima wa Chake Chake, Pemba, mwenye kompyuta isiyo na tatizo, ambaye sasa ameamua kulitafuta. Anaweza kuwa mwenye steshenari Machomane, katibu wa skuli, mhasibu wa ushirika wa mwani au mzee mstaafu anayetunza hesabu za mikarafuu yake. Wote watahudumiwa.

Anza na sababu, maana hapa mjini ukifanya jambo utaulizwa sababu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, miaka kumi na miezi kadhaa tangu ilipoitoa Julai 2015. Kompyuta itaendelea kuwaka na barua zitaendelea kuchapwa, ila tundu la usalama likigunduliwa halizibwi tena kama zamani. Habari hii ilipofika baraza za kahawa ilikuwa imeshanenepa: kompyuta zote zitazima zenyewe usiku wa manane. Usimsahihishe mtu. Windows XP iliachwa tangu Aprili 2014, na sitashangaa ukiikuta mahali bado inatoa risiti. Ukweli kama huo ukienea, nani atamlipa fundi?

Kisha ichunguze mashine yako, kwani Windows 11 haimfungulii kila apigaye hodi. Inataka ramu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, na prosesa ya karibuni. Kwa Intel ni kizazi cha 8 kwenda mbele, kilichoanza kuuzwa 2017. Hapo ndipo wengi wetu tunapobaki nje. Kompyuta zetu nyingi ni za mtumba: zimezitumikia ofisi za Ulaya, zikapita Dubai, zikashuka bandarini Mkoani pamoja na magunia ya unga. Muuzaji alikwambia ni “i5”, nawe ukaenda nalo jina hilo nyumbani umelishika kama cheo. Hakukwambia i5 ya lini. Soma namba inayofuata. Ikiwa 8250, ni ya kizazi cha 8, umo. Ikiwa 6300 ni ya sita, 4300 ni ya nne. Hizo rudi nazo nyumbani. Na mashine ya kizazi cha 8 ikikataliwa kwa kukosa TPM, usiwe na haraka ya kuiuza: mara nyingi chipu imo, imezimwa tu kwenye BIOS, na kuiwasha ni kazi ya dakika chache. Anayetaka kuinunua kwa bei ya kutupa analijua hilo.

Sasa nenda kwa fundi. Mwambie unataka kupigiwa windo, naye atatoa flashi ileile iliyokwishapiga windo nusu ya mji.

“Maalim, mashine yako hii haiingii Windows 11. Haina chipu.”

“Haina vipi, yakhe? Mie nimeinunua kamili, na begi lake.”

“Basi n’taipitisha mlango wa uani.”

Mlango wa uani upo kweli. Programu ya bure iitwayo Rufus huiandaa flashi ili usakinishaji usiulize habari za TPM wala kizazi. Fundi atafurahi, na wewe utafurahi, ingawa Microsoft imeshasema wazi kuwa mashine iliyoingia kwa njia hiyo haina ahadi ya kupata apdeti. Yaani umeikimbia Windows 10 kwa kuogopa kukosa apdeti, umekwenda Windows 11 ambako hujui kama utazipata. Zaidi ya hapo, toleo la 24H2, la mwaka 2024, linadai uwezo fulani ndani ya prosesa ambao mashine za enzi za Core 2 Duo hazina. Kwa hizo mlango wa uani nao umezibwa kwa matofali. Mhimize fundi ajaribu hata hivyo. Mnunulie na kahawa.

Kabla hajaanza atakuuliza, macho kwenye skrini: “Kuna kitu cha kuhifadhi?” Jibu letu la asili ni “Hamna kitu, futa tu.” Litoe haraka, usije ukakumbuka picha za harusi ya binti yako, hesabu za ushirika za miaka mitano, au ile risala kwa mgeni rasmi ambayo tangu enzi za XP hubadilishwa jina la mgeni peke yake. Vyote utavikumbuka njiani, ukifika Tibirinzi. Wapo watu wa ajabu wanaonunua diski ya nje, wakanakili kila kitu, wakaifungua kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha, ndipo wakaenda kwa fundi. Watu hao barazani hawana kisa cha kusimulia.

Kama umeamua kujipigia mwenyewe nyumbani, chagua saa yako vizuri. Umeme wetu Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, uliozinduliwa 2010 kwa msaada wa Norway. Kabla ya hapo tulikuwa na jenereta za dizeli. (Tusizidharau. Unguja ilipokaa gizani miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, kwa kuharibika waya wake wa kutoka bara, sisi wa jenereta hatukuguswa.) Saa bora ni magharibi, siku yenye wingu la mvua, kwa laptopu ambayo betri yake imekufa na hukaa kwenye chaja kutwa kucha, na uniti za umeme za Tukuza zikiwa zimebaki tatu. Skrini itakuomba usizime kompyuta. Ombi hilo lingepaswa kupelekwa Shirika la Umeme, lakini wewe ndiye uliye karibu. Umeme ukikatika kazi ikiwa imefika asilimia sabini, kwa kawaida mfumo hujaribu kurudi ulikotoka, na safari ya kurudi nayo inataka umeme.

Sasa tufike kwenye akaunti, na hapa tukae kidogo maana ndipo penye utamu. Windows 11 ya nyumbani, ikishasakinishwa, haikuachii uingie hivihivi. Inataka intaneti na inataka akaunti ya Microsoft, yaani barua pepe na neno la siri. Ilikuwepo amri ya kuiruka hatua hiyo, kila fundi aliijua kwa moyo, lakini tangu 2025 kampuni imeanza kuiondoa. Wewe barua pepe yako hukumbuki. Ilifunguliwa na mpwa wako aliyehamia Muscat. Fundi ana foleni ya watu. Basi ataandika ya kwake. Mshukuru kwa wema wake.

Wema huo una tawi. Katika matoleo mapya, mashine nyingi zikishaingizwa akaunti huanza kuifunga diski kwa maandishi ya siri, kimyakimya, na ufunguo wa kuifungulia, namba 48 ukizihesabu, huhifadhiwa ndani ya akaunti. Akaunti ya nani? Ya fundi. Siku mashine itakapogoma na kuomba namba hizo, mafaili yako yatakuwa salama kabisa, hata wewe mwenyewe huyapati. Fundi kwa wakati huo ameshahamia Dar, au neno lake la siri ameshalisahau, kwa vile akaunti hiyohiyo ameifungulia wateja wengi. Na kwa kuwa OneDrive, ghala la mtandaoni la Microsoft, hupenda kupeleka mafaili yaliyopo kwenye desktopu juu mtandaoni, huenda risala yako kwa mgeni rasmi imeshalala pamoja na vyeti vya ndoa vya watu wa Wawi.

OneDrive hiyohiyo ndiyo inayokula bando. Umenunua gigabaiti kadhaa za wiki, umewasha hotspoti ya simu ili utume barua moja, na kompyuta imeona mtandao ikadhani uko Marekani: inapandisha picha, inashusha apdeti, na wewe unalaumu kampuni ya simu. Kuna kitufe kwenye mipangilio ya mtandao cha kuieleza kuwa intaneti hii ni ya kupimwa. Kiwashe kabla ya barua ya kwanza. Hii ni nasaha isiyo na kejeli, na najua ndiyo itakayorukwa.

Ukivuka hayo yote, umehamia. Kitufe cha Start kimesogea katikati, na wateja wa steshenari watakuuliza mbona kompyuta imepinda. Kinaweza kurudishwa kushoto. Waambie umekiacha makusudi. Printa ya zamani huenda ikagoma, hasa kama ilizoea Windows ya biti 32, kwa sababu Windows 11 ya biti 32 haipo. Ukitaka maandishi ya Kiswahili, utayakuta kwenye orodha yameandikwa “Kiswahili (Kenya)”. Tumesikia. Sisi ambao jirani yetu Unguja ndiye aliyetoa lahaja ya Kiswahili sanifu tutaomba tafsiri Nairobi, na tutaomba kwa adabu.

Wapo watakaokushauri uiwekee ile i5 ya kizazi cha 4 Linux Mint. Wakatae. Ni ya bure kihalali, haiombi akaunti, na kwa kuchapa barua na mitihani inatosha. Kitu cha hivyo kina heshima gani? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure kwa Kiswahili, mwaka 2004, nasi tukaendelea kuazimana flashi yenye ya wizi.

Na kama mashine yako ni nzima, Windows 10 yako ni halali na huna haja ya ujirani na fundi, fungua sehemu ya apdeti kwenye mipangilio ujiandikishe kwa nyongeza ya mwaka mmoja ya apdeti za usalama. Anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft, akaunti yake mwenyewe, halipi kitu. Asiyetaka hivyo anaweza kulipa dola 30. Nyongeza hiyo inakwisha tarehe 13 Oktoba 2026.