Namna ya Kumstaafisha Mzee wa Kompyuta

Umepewa kazi, ndugu yangu. Ofisi ya serikali ina mfumo wa kompyuta unaotunza majalada ya watu, nao umezeeka: ukiubonyeza asubuhi, unaitika adhuhuri. Umeambiwa ulete mpya. Basi kabla hujafungua boksi hata moja, panda basi la usiku kutoka Kampala hadi Arua, kisha teksi hadi Koboko, kama kilomita 55 za lami. Mzee wa kompyuta hastaafishwi kwa barua. Anastaafishwa kama mzee wa ukoo: watu wanakaa chini, wanahesabiana, wanaulizana nani anadai nini na nani hajaonekana siku nyingi, ndipo funguo zinatolewa.

Nakupeleka huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa sababu kazi hii ilishafanyika huko, tena kwa ukubwa. Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo kila mtu anaiita OPM, ilikuwa ikiandikisha wakimbizi kwa mfumo wake ulioitwa RIMS, na hesabu ya nchi nzima ilikuwa imepita milioni 1.4. Februari 2018 zikatoka tuhuma kwamba namba zimetiwa chumvi. Maofisa wakasimamishwa kazi. Serikali na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, wakakubaliana jambo moja gumu: kila mtu ahesabiwe upya. Uhakiki ulianza Machi ukaisha Oktoba, makazi kwa makazi, na Rhino Camp, Imvepi, Bidibidi na Lobule yakiwemo. Watu walipanga foleni, wakaweka vidole kwenye mashine, wakapigwa picha za mboni za macho. RIMS ikapumzishwa, na proGres, mfumo wa UNHCR, ukashika nafasi yake. Waliothibitishwa walikuwa 1,091,024.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema. Lakini daftari nalo likiachwa bila wenyewe huzaa mali ya uongo. Kwa hiyo agizo la kwanza: usihamishe majalada, hamisha watu. Fundi atakuambia kwamba anaweza kunakili kila kitu usiku mmoja, na ni kweli anaweza. Atanakili pia aliyeandikwa mara mbili, na aliyefariki, na yule ambaye hakuwahi kuzaliwa. Mwite mwenye jalada aje mwenyewe, aketi mbele ya karani, asomewe kilichoandikwa juu yake, akisahihishe.

Na asipokuja? Hapa ndipo nataka uende polepole. Jina lisilo na mwenyewe siku ya kuhesabu si lazima liwe la mwizi. Huenda mama amevuka mpaka kuangalia shamba lake, au kijana yuko hospitali anamuuguza baba. Weka meza ya malalamiko tangu siku ya kwanza, kivulini, yenye mtu anayejua kusikiliza, na uiache hapo miezi kadhaa baada ya mahema kung'olewa. Mfumo mpya usio na meza hiyo ni mlango usio na kitasa upande wa nje.

Sasa majina. Keti hapa, maana wengi wamekwama hapa. Kilugbara, lugha ya Arua, huandika c pale Kiswahili kinapoandika ch, kwa hiyo msichana anayeitwa Candiru anatamkwa Chandiru, na karani aliyeletwa kutoka magharibi ya nchi ataandika anachokisikia. Kaka yake ni Candia. Jina hilo hilo, lenye maana ya shida iliyowakuta wazazi, mwisho tofauti kwa sababu mmoja ni mwanamke. Kompyuta itawaona hao wawili ni watu watatu: Candiru, Chandiru na Candia. Nenda Koboko, ukutane na Wakakwa wanaoishi Uganda, Kongo na Sudan Kusini, nchi tatu zinazopakana pale Salia Musala. Miongoni mwao na jamaa zao Wabari, majina kama Wani na Lado hufuata mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo yamejaa kila boma. Ongeza Muhammad, Mohamed na Mohammed. Kama mfumo wako unatafuta kwa herufi tu, hautampata mtu; lazima utafute kwa sauti, kwa jina la mama, kwa kijiji. Tena umkalishe mwenyeji kando ya karani. Umlipe. Kazi yake ni ya kitaalamu kama ya yule fundi.

Tarehe za kuzaliwa nazo zina ugonjwa wake: foleni nzima imezaliwa tarehe 1 Januari. Mtu akikosa tarehe, karani hubandika hiyo. Muulize mzee alizaliwa wakati gani, si tarehe gani. Atakuambia alikuwa anachunga mbuzi Amin alipoanguka, na hapo unao mwaka 1979. Tena atakuambia zaidi ya hapo ukimpa nafasi. Baada ya Amin kuanguka, watu wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire kwa maelfu. Mzee wa Koboko unayemwona leo akimpisha mkimbizi kwenye benchi aliwahi yeye mwenyewe kuwa jina kwenye daftari la serikali nyingine, akisubiri kuitwa. Anajua uzito wa karani kusema, "Hatukuoni humu." Mwombe aje kuwafundisha makarani wako nusu siku. Hakuna semina ya Kampala itakayokupa hayo.

Mahali pia husogea. Jalada la zamani linasema "Arua". Arua ipi? Koboko yenyewe ilikuwa sehemu ya Arua hadi 2005. Madi-Okollo ilijitenga 2019, Terego 2020, na mwaka huo huo Arua mjini ikawa jiji. Imvepi iliyokuwa Arua wakati wa uhakiki sasa iko Terego. Rhino Camp imegawanyika kati ya Terego na Madi-Okollo. Mtu hakuhama hata hatua moja, lakini anwani yake imehama. Hifadhi jina la zamani pamoja na jipya, kila moja na mwaka wake, maana wilaya zitagawanywa tena.

Umeme nitausema kwa kifupi. Hadi 2024 West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta na bwawa dogo la Nyagak lenye megawati 3.5. Gridi imefika, nasi tumefurahi kwa moyo mweupe. Bado nunua sola na betri, na uhakikishe mashine inaweza kuandika bila intaneti kisha ikatuma baadaye. Mwanamke aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mnara wa simu.

Usimzime mzee siku ile ile mpya anapowashwa. Mahakama za Uganda zilipozindua mfumo wao wa kielektroniki wa kesi, ECCMIS, tarehe 1 Machi 2022, zilianza na mahakama chache, nyingine zikafuata kwa zamu. Fanya hivyo. Na usichague wiki ya mgao wa chakula kuwa wiki ya kubadilisha. Njaa haisubiri seva.

Siku ya kuzima ikikaribia, toa majalada mia moja kwa kubahatisha, si yale yaliyonyooka ya kuwaonyesha wageni. Panda boda hadi Lobule. Kaa chini ya mwembe na mwenyekiti, usome jina la kwanza kwa sauti, kwa matamshi ya wenyewe, kisha ungoje. Mtu akiinuka na kusema, "Ndiyo, ni mimi," piga alama, soma la pili. Pakiwa kimya, rudi ofisini. Mzee bado ana kazi.